Honi Iliyolia Kiboko Akirudi

Nyamizi, mke mwenzangu,

Salamu sikupi. Asubuhi nilikusalimia ukanijibu huku unaangalia mlango, ukajitanda khanga ukaenda Kibaoni kukata tiketi. Basi mimi nimevuta kigoda, nimechukua kalamu yako, naandika kabla hujarudi. Mwandiko usiucheke. Herufi hizi ni zako mwenyewe. Ulikuwa darasa la kwanza, ukirudi unanichorea kwenye majivu pale jikoni, nikikosea unanichapa vidole na mwiko. Mwalimu mwingine sijawahi kupata, wala sikumtaka.

Mambo ya kula, ya kuvaa, ya kuamkia watu na kufunga mlango, shangazi yako atakwambia hukohuko Mbeya. Yule anapenda kuamrisha, mwachie kazi yake. Mimi nina jambo moja tu. Jana niliona ulivyofungasha. Nguo umeweka, viatu umeweka, hata kile kikombe kilichokatika mkono umekizungushia gazeti ukakiweka. Kompyuta hukuiweka. Umeifunika kitambaa pale mezani kama maiti inayosubiri watu wa kubeba, na kila ukipita unapita kwa ubavu.

Nikakuuliza, "Na hii?"

"Iuze, bibi. Au mpe mtu."

"Hapa Kasansa nani atainunua?"

"Basi ichome."

Ichome. Nyamizi, tangu neno hilo chakula hakipiti. Nimezika mume, nimemzika mama yako wewe ukiwa bado unanyonya, na sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa jana, kwa sababu ulilisema bila hasira. Mtu mwenye hasira namjua, atapoa. Wewe ulisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi.

Sasa nataka nikuhadithie mambo ninavyoyakumbuka mimi, maana wewe naona unayakumbuka vibaya.

Ulirudi kutoka chuoni na kile kijimashine kidogo kama kisanduku cha sabuni. Ukakifunga juu ya mti pembeni mwa jaruba letu la mpunga, upande wa mtoni, na kinasa sauti chake, sola yake na honi yake. Ukasema kitakuwa kinasikiliza. Kiboko akipanda kutoka mtoni kuja kwenye mpunga, kitamsikia, kitawasha honi hapohapo mtini, mlinzi aliyelala dunguni, kwenye kichanja cha kulindia, ataamka na kupiga debe kabla mnyama hajafika. Nikakuuliza, kitamtofautishaje kiboko na ng'ombe wa jirani? Ukasema umekifundisha sauti zake, anavyokoroma, anavyovuta pumzi, maji yanavyommwagika akitoka. Mjomba wako Maganga alikuwa amesimama hapo na jembe begani. Akasema, "Kama kinakoroma kuliko mimi, nakifukuza shambani."

Tulicheka. Mimi nilijivuna mpaka nikawa najichosha mwenyewe. Sokoni Kibaoni nilikuwa nasimamisha watu wasiokuwa na shida na mimi.

Halafu honi ikawa inachelewa. Kiboko anapita, anaingia, anakula, ndipo inalia. Wewe ukasema tatizo ni hesabu, ile hesabu ngumu ya kupima sauti, kwa sababu ndiyo iliyokutoa jasho chuoni. Ukakaa mezani msimu mzima unainoa. Ukipunguza hapa, ukigeuza pale, unapeleka shambani, honi inachelewa vilevile. Ukawa hunywi hata uji. Mimi nikakwambia mtoto unakonda, ukaniambia, "Bibi, hesabu hii itanyooka tu."

Usiku wenyewe sitauandika wote. Unaujua. Maganga alikuwa juu dunguni amelala, na alilala kwa sababu mimi nilimwambia alale. Kila mtu hapa nyumbani alinisikia nikisema, "Lala mwanangu, mashine ya Nyamizi iko macho." Kiboko akaingia, akala mpaka akashiba. Akiwa anarudi zake mtoni, ndipo honi ikalia. Maganga akashtuka, akashuka na debe lake, akasimama katikati ya mnyama na maji.

Sikudanganyi. Honi ndiyo iliyomshusha. Isingelia kabisa, angeamka asubuhi akakuta mpunga umelala chini, akatukana, basi. Watu wanakuja hapa wanakwambia "ni mipango ya Mungu, usijilaumu," na wewe unaitikia kwa kichwa huku unajua kwamba wanakufariji tu. Mimi sikufariji. Mguu wa mwanangu umekatwa juu ya goti na sina maneno ya kuurudisha.

Lakini kuna kitu ulinionyesha wewe mwenyewe, na nimekaa nacho tangu siku ile. Nakitafuna kama muwa uliokwisha utamu.

Ilikuwa Maganga yuko hospitali kule Mpanda, sisi tumerudi kuchukua mashuka. Ulikaa mezani hujavua hata viatu, ukawasha kompyuta. Ukaniambia unataka kujua, hata kama imekwisha, ni nani hasa aliyekuwa anakula muda ndani ya programu. Ukaniita. "Njoo uone, bibi." Nikaja na mkono una unga. Kwenye kioo kulikuwa na vipande vya rangi vingi, vidogo na vikubwa, na juu ya kila kipande namba tu, namba ndefu zisizosomeka.

"Hawa mbona hawana majina?" nikauliza.

Ukapiga paji la uso. Ukasema programu ikishakompailiwa, yaani ikishageuzwa kuwa lugha ya mashine, majina uliyoipa hutupwa, isipokuwa umeiagiza iyabakize. Ulisahau kuiagiza. Ukaanza upya. Ukasema hii kazi inafanywa na kitu kinaitwa profaila. Kinaikimbiza programu polepole, kinaifuata nyuma kama mke mwenye wivu, kinahesabu nani kamwita nani, mara ngapi, na kila mmoja kafanya kazi kiasi gani. Kikimaliza kinatoa namba ambazo huwezi kusoma mpaka macho yaume, ndipo programu nyingine inazichukua na kuchora.

Safari ya pili picha ikaja na majina. Vipande ndani ya vipande, vimegawanywa kama majaruba unayaangalia kutoka juu ya mti. Ukasema kila kipande ni kazi moja, na ukubwa wake ndio muda inaokula. Mimi nikanyoosha kidole changu cha unga.

"Basi mwizi si huyu hapa? Kaenea kioo kizima."

Ukacheka. Nyamizi, ndiyo mara ya mwisho nimekusikia ukicheka. "Hapana, mke mwenza. Huyo ni mkubwa kwa sababu wenzake wote wako ndani yake. Yeye ndiye anayewaita, kwa hiyo kazi yao yote inaandikwa kwa jina lake. Angalia namba hii ya pembeni. Hii ni yake mwenyewe, ukiwatoa wengine."

Nikaangalia. Ilikuwa karibu na hakuna.

Ukaanza kushuka ndani ya vipande, unabofya, kimoja kinafunguka kinatoa vingine. Nikakuuliza iko wapi ile hesabu iliyokukondesha. Ukatafuta. Ukanionyesha. Ilikuwa kijipande pale pembeni, kama kipande cha ukucha. Msimu mzima uliunoa ukucha. Na kipande kinene, chekundu, kilichokalia nusu ya picha, kilikuwa kazi ambayo hukuwahi hata kuitaja. Ukalisoma jina lake kimoyomoyo. Nikakusukuma, "Nani huyo?"

Ukasema ndiyo kazi ya kusoma sauti za kiboko ulizoifundisha. Uliziandika zote kwenye faili, na kila sauti mpya ikisikika, hata ya chura, programu inafungua faili lile upya, inasoma tangu mwanzo hadi mwisho, ndipo ilinganishe. Ikija sauti nyingine, inaanza tena. Kwenye kompyuta yako kubwa mezani huwezi kuona kwamba inachelewa, ina nguvu. Kile kijisanduku cha shambani hakina. "Ilitakiwa kusoma mara moja tu ikiwashwa, ikae nazo kichwani," ukasema.

"Kama mtu anayekwenda kisimani na kijiko," nikasema.

"Ndiyo, bibi."

"Na kumrekebisha ni kazi kubwa?"

Ukasema, "Ni mistari michache. Ningeangalia kabla. Ningeangalia tu." Ukafunga kompyuta. Hujaifungua tena.

Sasa nisikilize mimi, na usikunje uso.

Nilipoolewa na babu yako, mwaka wa kwanza tu mpunga wetu ulipungua. Tulivuna vizuri kwa macho, lakini katikati ya mwaka akiba imekwisha. Mimi nikasema ni kwelea, wale ndege wanaokuja kama moshi. Nani mwingine? Wanaonekana, wana kelele, wametua mbele ya macho yako wanakula huku wanakutazama. Mwaka uliofuata nikahamia dunguni. Nilipiga kelele tangu alfajiri, nilirusha udongo kwa kombeo mpaka bega likavimba. Sauti ilikauka nikawa naongea kama jogoo mgonjwa, babu yako akawa anasema ndoa imekuwa tamu. Nikavuna, nikajaza kihenge, na akiba ikaisha kama mwaka uliopita. Tulikula mihogo mpaka tukachukiana. Siku tunakibomoa kile kihenge ndipo tukakuta chini yake panya wametengeneza mji. Wako wanene kama watoto wa mbwa. Hakuna siku niliyoinama kuangalia chini. Nilikuwa nafukuza kelele.

Kwa hiyo unaponitazama kama vile hakuna mtu duniani aliyewahi kupoteza msimu kwa kupigana na asiye mlaji, mimi nipo hapa. Na baada ya hapo sikuacha kulima. Nililia kidogo, nikaua panya, nikajenga kihenge kingine chenye miguu mirefu.

Utasema panya hawakumkata mtu mguu. Najua. Ndiyo maana naandika, siyo kwamba nakuona mjinga.

Nyamizi, umejichora wewe kuwa kile kipande kikubwa kilichoenea kioo kizima. Kila kilichotokea usiku ule umekiweka ndani yako, kwa sababu wewe ndiye uliyeleta mashine, wewe ndiye uliyeiita kila kazi. Halafu unaitazama picha hiyo unasema, mwizi ni huyu. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba haisomwi hivyo! Toa wengine, halafu uangalie.

Kiboko mtoe. Meno ni yake, hukumpa wewe. Maganga mtoe. Yule ameambiwa tangu anatambaa, usisimame kati ya kiboko na maji, nilimwambia mimi, babu yako alimwambia, na bado alishuka upande ule kwa sababu ndiyo njia fupi. Nilipomwambia hivyo hospitali alisema, "Mama, acha nipone kwanza ndipo unigombeze." Nikamgombeza hapohapo, muuguzi akanitoa nje. Na mimi nitoe. Kipande changu ni kinene, kinene kweli. Nilijua honi inachelewa, niliona kwa macho yangu asubuhi nyingi mpunga umekanyagwa, na bado nikamwambia mwanangu alale kwa sababu nilikuwa nimeshawatambia watu sokoni. Hicho ni changu. Usinibebee. Ukinibebea unaniibia, maana mimi nikiamka usiku nakishika, najua ni changu, na kukishika ndiko kunakonifanya niamke asubuhi nimpelekee uji.

Ukishatoa wote hao, kinabaki chako. Sisemi hakipo. Kipo. Ulikimbilia kunoa kabla ya kuangalia. Uliweka honi shambani huku unajua haijakaa sawa. Hicho kibebe, wala nisikusikie unakipa Mungu. Lakini kibebe hichohicho tu, kwa ukubwa wake. Na chako ndicho pekee kati ya vyote kinachorekebishika. Kiboko hatarekebishika. Mguu hautaota. Mdomo wangu nao ni huu, umechelewa. Chako ni mistari michache, ulisema mwenyewe.

Na hili sasa hulijui, kwa sababu juzi ulikuwa umejifungia ndani. Maganga alikuja akakaa hapa uani na gongo lake. Akasema mpunga uko magotini, mvua ni nzuri, na mpunga ukianza kuinama atarudi dunguni.

Nikamwambia, "Una wazimu?"

"Nani mwingine, mama? Watoto wangu wadogo. Kibarua wa kulala dunguni msimu mzima hakuna, wote wanaogopa sasa."

"Kiboko akija utakimbiaje?"

Akacheka yule mpumbavu. "Nilikuwa na miguu miwili sikukimbia. Safari hii nitakaa juu nipige debe."

"Na ukishtuka usingizini?"

Akachezea gongo. Halafu akaniuliza kwa sauti ndogo, ile sauti yake ya utotoni, "Ile honi ya Nyamizi, hivi haiwezi kutengenezwa?"

Hana kinyongo na wewe. Afadhali angekuwa nacho, ungemjibu. Anachotaka ni honi inayolia kiboko akiwa bado mtoni. Ndiyo pekee inayoweza kumlinda mtu asiyeweza kushuka na kukimbia. Na watu wa Kibaoni waliokuwa wanatucheka, "Bibi, honi yako imelia? Basi kiboko keshafika kwake kalala," hao hao sasa wameacha kunicheka na wameanza kuniuliza. Wana mashamba upande uleule wa mto. Wana watoto wao dunguni.

Nakusihi, mwanangu. Mimi sijui kusihi, babu yako alikufa akilalamika kwamba hata maji nilikuwa naomba kama nagombana. Lakini hapa nimepiga magoti, magoti haya unayoyajua yanavyolia. Kwenda Mbeya nenda. Sikuzuii. Kauze vitenge vya shangazi yako, kacheke na watu wasiokujua, kapate usingizi. Hapa kila njia inakupitisha mbele ya ule mti, naelewa. Lakini kompyuta hii usiiache. Siku moja tu ukishafunga duka ifungue. Andika mistari hiyo. Halafu kabla hujasema imepona, iangalie tena kwa ile picha, usikisie, na uipimie kwenye kijisanduku kidogo, siyo kwenye kompyuta kubwa. Kijisanduku nimemtuma mtu akakishusha mtini, nimekikausha, nimekifunga kwenye kitenge changu cha kijani, kiko kando yake pale mezani. Ukimaliza kipe dereva wa basi. Fundi wa simu pale Kibaoni amesema atakuja kukifunga na hataki kitu.

Nilifikiria kuvisukumia chini ya nguo zako bila wewe kujua. Nilifika mpaka kwenye begi. Nikaona hapana, utavikuta njiani ukavitupa dirishani, na mimi nitakuwa nimekudanganya mara yangu ya kwanza. Kesho alfajiri utapita pale mezani. Mimi nitakuwa nimekaa mlangoni nachambua mchele, sitasema neno. Utavichukua kwa mkono wako nikiona, au utaviacha nikiona.

Ukiviacha sitakulaani. Utabaki mke mwenzangu, na simu zako nitapokea. Lakini ujue tu tutakuwa wapi. Mpunga ukianza kuinama, Maganga atapanda dunguni na mimi nitapanda naye. Amekataa, amepiga kelele, nimemwambia mimi ndiye niliyekuzaa, sogea. Yeye ana mguu mmoja na macho mazima. Mimi nina miguu miwili na macho ya kubahatisha. Tukiunganishwa tunatoka mlinzi mmoja. Debe tunalo. Masikio yangu bado hayajazeeka, nitayaelekeza upande wa ule mti, kila usiku, hata kama juu yake hakuna kitu.

Nitakuwa nasikiliza honi, Nyamizi. Kiboko nitamwachia Maganga.

Bibi yako